Ukwato Huoteshwa Upya

Tarehe 20 Mei 2006, mjini Baltimore nchini Marekani, farasi wa miaka mitatu aitwaye Barbaro alichomoka kwenye lango la kuanzia mbio la uwanja wa Pimlico. Muda mfupi tu baadaye mguu wake wa nyuma wa kulia ulivunjika mbele ya umati uliokuja kumshangilia, maana wiki mbili kabla alikuwa ameshinda mbio maarufu za Kentucky Derby kwa kuwaacha wenzake mbali. Mifupa mitatu ilivunjika, mmoja wao vipande zaidi ya 20. Alikimbizwa hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, New Bolton Center, na siku iliyofuata daktari mpasuaji Dean Richardson akaifunga mifupa ile kwa bamba la chuma na skrubu 27.

Magazeti yalihesabu skrubu. Hatari ilikuwa ikijipanga kwenye mguu mwingine. Mfupa uliunga, na mwanzoni mwa Novemba plasta iliondolewa. Lakini tangu Julai ukwato wa mguu wa nyuma wa kushoto, ambao siku ya ajali ulikuwa mzima kabisa, ulikuwa umeanza kuachana na mfupa wake. Madaktari walilazimika kukata karibu asilimia 80 ya ukuta wa ukwato huo. Kuanzia hapo swali likawa gumu kuliko la mfupa: je, mnyama wa nusu tani anaweza kusimama miezi na miezi akisubiri ukucha uote?

Swali hilo liko nyuma ya kila jitihada ya kumrudisha farasi aliyeharibika ukwato, awe bingwa wa mamilioni ya dola au farasi mzee wa kufundishia watoto kupanda. Nataka tulifungue taratibu, kwa sababu mengi yanayofanywa kwa nia njema humzidishia mnyama maumivu.

Anza na mkono wako mwenyewe. Kunja vidole vyote, bakiza cha kati, kisha kisimamishe kwa ncha yake juu ya meza. Farasi amesimama hivyo. Kila mguu wake umebakiwa na kidole kimoja, na ukwato ndio ukucha, ila ukucha huu umekizunguka kidole kama kopo. Ndani ya kopo kuna mfupa wa mwisho wa mguu, wenye umbo linalofanana na ukwato wenyewe, na uzito wake haukalii kitako cha kopo. Mfupa huo umening'inia. Umeshikwa na vikunjo laini: ukuta wa ukwato una vikunjo kama 550 hadi 600 kwa ndani, mfupa nao umevikwa vikunjo vya aina hiyo hiyo, na vimeingiliana kama madaftari mawili ambayo kurasa zake zimepishanishwa mojamoja. Kila kikunjo kina vikunjo vidogo zaidi ya mia moja ubavuni mwake. Ukivitandaza vyote vya ukwato mmoja, unapata karibu mita ya mraba 0.8. Mshiko huo ndio unaombeba farasi wa kilo 500, na miguu ya mbele hubeba takriban asilimia 60 ya mzigo wote.

Vikunjo hivyo vikiugua, ugonjwa unaitwa laminitisi. Aliyewahi kubanwa kidole na mlango ameonja kidogo: kidole kinapwita, kinawaka moto, ukucha unakuwa mweusi, mwisho unang'oka. Wewe uliuinua mkono ukaupumzisha. Farasi anaendelea kusimama juu ya ukucha uleule, na kopo lake gumu halitanuki kuupisha uvimbe. Vikunjo vikiachia, uzito wa mwili unausukuma mfupa chini, huku kano nene inayoshuka nyuma ya mguu ikiuvuta kwa nyuma, na ncha ya mbele ya mfupa inainama kuelekea unyayo. Wakati mwingine mfupa mzima unazama wima ndani ya ukwato. Hali ikifika mwisho wake, ncha hutoboa unyayo na kutokeza nje.

Kinachoanzisha yote haya mara nyingi hakiko kwenye mguu kabisa, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Wanaangalia ukwato, wanausugua, wanaupaka dawa, wakati moto unawashwa kwingine. Farasi akivunja mlango wa ghala akala nafaka gunia zima, bakteria wa tumboni wanavurugika, sumu zinaingia kwenye damu, na siku moja au mbili baadaye kwato zinawaka. Farasi jike ambaye kondo la nyuma halikutoka baada ya kuzaa anaweza kupatwa na hilo hilo. Lakini sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni homoni. Farasi mnene, mwenye shingo iliyotuna mafuta kwa juu, anayeshinda kwenye majani mabichi yenye sukari, damu yake hujaa insulini. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, waliwapa farasi wadogo wenye afya insulini nyingi kwa mfululizo, na wakapata laminitisi ndani ya siku tatu. Kwa hiyo mnyama anaweza kupoteza kwato zake kwa sababu ya malisho mazuri, bila ajali wala kidonda.

Njia ya tatu ndiyo iliyompata Barbaro. Damu ndani ya ukwato hutegemea mguu kubebeshwa na kupumzishwa, kubebeshwa na kupumzishwa. Hata farasi aliyesimama zizini huhamisha uzito kila mara. Mguu mmoja ukiwa mbovu kiasi cha kutokanyagika, mwenzake hubeba bila kupumzika, damu haipiti vizuri kwenye vikunjo, na baada ya wiki kadhaa mguu uliokuwa na afya ndio unaoanguka. Kwa hiyo yeyote anayemuuguza farasi aliyevunjika au mwenye jipu kubwa mguuni anapaswa kuutazama kila siku ule mguu ambao hauumwi.

Na unautazamaje? Weka vidole viwili nyuma ya kifundo kilicho juu ya ukwato, kwa ndani au kwa nje, utafute mshipa. Kwa farasi mwenye afya mapigo hayo ni hafifu, pengine usiyapate. Yakigonga kwa nguvu, ukwato ukawa wa moto kwa muda mrefu, na mnyama akawa anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda huu kama mtu aliyekanyaga lami ya mchana, mwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Farasi mgonjwa zaidi hutanguliza miguu ya mbele na kujiegemeza nyuma, akiukwepa mzigo kwenye ncha za kwato. Akigeuzwa kwenye duara dogo anasita, anakanyaga kwa visigino. Wapo wanaoona mkao huo wakadhani anaumwa mgongo, na siku tatu za thamani zinapotea.

Siku hizo ni za thamani kweli. Barafu, ikitumika mapema kabla au mara tu maumivu yanapoanza, huweza kuzuia vikunjo visiachane. Ukwato na sehemu ya chini ya mguu huzamishwa kwenye maji ya barafu hadi joto lishuke chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na barafu huongezwa usiku na mchana kwa siku mbili, tatu au zaidi. Kumwagia maji ya mpira robo saa hakutoshi. Kazi ya barafu inachosha, inahitaji watu wa kupokezana, na kwa maoni yangu hakuna dawa ya bei yoyote inayoipita kwa farasi ambaye chanzo chake ni tumbo au kondo.

Pamoja na hayo anatulizwa maumivu kwa dawa kama fenilibutazoni, ambayo daktari huipima kwa uangalifu kwa sababu ikizidi huleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Anawekwa kwenye banda lenye mchanga mzito au maranda ya kina kirefu, ili akanyagapo unyayo mzima upate kitu cha kuegemea na ncha ya mbele izame. Hatembezwi. Hili la kutotembezwa linawakera wengi, maana desturi ya zamani ilikuwa kumlazimisha farasi atembee "ili damu izunguke". Vikunjo vilivyolegea vikibebeshwa hatua, vinachanika. Na dawa ya maumivu ikimfanya ajisikie vizuri, hatari inaongezeka, kwa sababu atatembea mwenyewe juu ya mshiko ambao bado haujashika.

Baada ya hapo ndipo inapoanza kazi ndefu, na kazi hiyo haianzi bila eksirei. Picha ya ubavuni inaonyesha mfupa umeinama kiasi gani, umezama kiasi gani, na chini ya ncha yake umebaki unyayo wa unene gani. Unyayo wenye afya una angalau milimita 15 hivi mahali hapo. Fundi wa kwato anayekata kwa macho tu, bila kuona mfupa ulipo, anafanya kazi gizani, na akikosea kwa milimita tano anaweza kuwa ameondoa nusu ya kinga iliyobaki. Nisingemruhusu fundi yeyote, hata mwenye miaka 30 kazini, aanze kabla ya picha. Mafundi wazuri huiomba wenyewe.

Anachotafuta fundi ni kuufanya ukwato uufuate mfupa. Mfupa umeshahama, na hakuna awezaye kuingiza mkono akaurudisha. Kwa hiyo ukwato ndio unaosogezwa. Ncha ya mbele ambayo imerefuka na kubinuka ni wenzo: kila farasi anapoinua mguu, ncha hiyo inauvuta ukuta mbali na mfupa, kama mtu anayebandua ubao kwa mtaimbo. Inapunguzwa kwa tupa kutoka mbele, ili mguu uvuke chini kwa wepesi. Visigino vilivyopanda hushushwa kidogokidogo, kwa hatua, kwa sababu kuvishusha ghafla huikaza ile kano ya nyuma nayo ikauvuta mfupa zaidi. Unyayo wenyewe hauguswi na kisu. Ukiwa mwembamba, kila gamba linalopendeza kukatwa ni kinga.

Kuhusu viatu, watu wa farasi wamegawanyika na hugombana kwa hasira. Wapo wanaotaka chuma chenye upau unaoegemea ile kabari ya nyama ngumu iliyo katikati ya unyayo. Wapo wa kiatu cha mbao kilichoviringwa kingo zake, kinachogundishwa au kushikizwa bila kugongomea misumari kwenye ukuta uliokwisha kulegea. Wapo wanaopinga kiatu chochote cha kudumu na kumvalisha farasi buti za mpira zenye sponji ndani, zinazovuliwa ukwato ukasafishwa na kukauka. Nimeyasoma mabishano hayo kwa muda mrefu, na ninaloliona ni kwamba njia zote zinazofaulu zinafanya mambo matatu yale yale: zinaondoa wenzo mbele, zinahamishia mzigo nyuma ya unyayo, na zinapimwa tena kwa eksirei kila baada ya wiki chache. Pale mfupa unapoendelea kuinama licha ya yote, daktari anaweza kuikata kano yenyewe ili isiuvute tena. Farasi huyo hatarudi kwenye mbio, ila anaweza kuishi malishoni bila maumivu.

Sasa tuje kwenye muda. Ukuta wa ukwato huota kutoka juu, pale manyoya yanapoishia, na hushuka takriban milimita 6 hadi 10 kwa mwezi. Mbele, ambako ukuta ni mrefu, safari ya kutoka juu hadi ardhini huchukua miezi 9 hadi 12. Kisiginoni ni fupi zaidi, miezi minne au mitano. Vikunjo vilivyochanika haviungi vikarudi vilivyokuwa. Ukuta mpya unaoshuka kutoka juu, wenye mshiko mpya, ndio unaochukua nafasi yao, sentimita kwa sentimita. Matibabu yote niliyoyataja ni namna ya kumwezesha farasi asimame juu ya ukwato uliokufa huku ulio hai ukishuka.

Ndiyo maana mtu anayeuguza anapaswa kujifunza kuusoma ukuta huo kwa ubavuni. Baada ya miezi miwili au mitatu, kama mambo yanakwenda vizuri, utaona mteremko umebadilika: sehemu ya juu inashuka wima zaidi, ikiufuata mfupa, na chini yake ukuta wa zamani umebinuka kwenda mbele. Kati ya hizo mbili kuna mstari, na mstari huo ndio kalenda yako. Usipouona, au mteremko mpya ukiwa umebinuka kama wa zamani, basi bado kuna kinachouvuta au insulini haijashuka, na kusubiri peke yake hakutasaidia.

Katikati ya safari hiyo huja siku ya kutisha. Farasi aliyekuwa ameanza kutembea vizuri anaamka hawezi kukanyaga kabisa. Wenye farasi wengi huamini ugonjwa umerudi, na wengine hukata tamaa siku hiyo. Mara nyingi ni jipu: tishu zilizokufa ndani ya ukwato zimegeuka usaha na zinatafuta njia. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi na bendeji ya kulainisha husaidia, daktari akiona mahali pa kutobolea hutoboa, au usaha hupasuka wenyewe juu kwenye manyoya. Likishatoka, nafuu inaweza kuja ndani ya siku moja. Majipu mawili matatu katika mwaka wa kupona si ajabu.

Chakula hupitwa haraka kwenye mazungumzo, nami naamini ndicho kinachoamua. Nafaka, pumba na molasi vinaondolewa. Anapewa nyasi kavu, zilizolowekwa kwenye maji saa moja au zaidi na maji hayo kumwagwa, kwa sababu yametoka na sukari. Kiasi huwa karibu asilimia 1.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo sita kwa farasi wa kilo 400. Asishindishwe njaa eti apungue haraka: farasi wadogo wanene, na punda zaidi yao, wakinyimwa chakula mafuta ya mwili hufurika kwenye damu na kuwaua. Farasi mzee mwenye manyoya marefu yasiyopukutika apimwe ugonjwa wa homoni uitwao Cushing, ambao una dawa yake. Vidonge vya vitamini iitwayo bayotini, miligramu 20 kwa siku, huimarisha ukuta unaoota, lakini matokeo yake huonekana baada ya miezi mingi, kwa kuwa havigusi ukuta uliokwisha kuota.

Nimemtaja punda, na siwezi kumpita. Huku kwetu farasi ni wachache. Mbung'o, kwa ugonjwa wanaoueneza, waliifunga njia ya bara kwa karne nyingi, na ukiondoa maeneo kama uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi, Waswahili wengi hukutana na mnyama wa ukwato mmoja anapobeba mchanga na mawe katika vichochoro vya Lamu, ambako kliniki ya punda imekuwa ikihudumu tangu miaka ya 1980. Yote niliyoyaeleza humpata punda pia, kwa tofauti mbili zinazomponza. Ukwato wake umeumbwa kwa nchi kavu, hivyo tope na samadi huulainisha na kuuozesha upesi. Na punda huficha maumivu. Farasi mwenye laminitisi husimama kwa mkao ambao hata mgeni atauona. Punda mwenye maumivu hayo hayo pengine atalala tu zaidi ya kawaida, au atakula polepole, naye ataitwa mvivu na kuchapwa. Kwato zilizopinda juu kama ncha za viatu vya kizamani, ambazo kwa mtaani huchekwa, mara nyingi ni za mnyama ambaye kwa miaka hajawahi kukanyaga bila kuumia.

Na kuna wakati wa kuacha. Mfupa ukitoboa unyayo, ukizama bila kushikika, mnyama akawa halali kwa raha wala hasimami, vidonda vikatoka ubavuni kwa kulala, na dawa zikawa hazimfikishi asubuhi, daktari mwaminifu atasema. Ni vyema kuweka mpaka huo mapema na daktari wako, siku ambayo bado mnafikiri kwa utulivu, kwa sababu baadaye mapenzi yenyewe yatakuzuia kuuona.

Barbaro alipewa kila kitu. Kuna mkanda uliomning'iniza ili miguu ipumzike, kuna bendeji zilizobadilishwa akiwa ametulizwa maumivu, kuna watu waliokuwa naye usiku kucha. Mwishoni mwa mwaka alikuwa akitolewa nje kula majani, na ukuta mpya ulikuwa umeanza kushuka kwenye ukwato wa kushoto. Mnamo Januari sehemu ya ukuta huo ikaachia tena, ikabidi ikatwe. Mzigo ukahamia kwenye mguu wa kulia, ule wa skrubu, nao ukapata jipu. Kisha kwato zote mbili za mbele zikaanza kuwaka. Tarehe 29 Januari 2007, wenye farasi, Roy na Gretchen Jackson, wakiwa na Richardson, waliamua alazwe usingizi wa mwisho. Hapakuwa na mguu hata mmoja uliobaki wa kubeba mwingine ukipona.

Majivu yake yamezikwa nje ya lango la uwanja wa Churchill Downs, huko Louisville, mahali aliposhinda. Juu yake kuna sanamu ya shaba iliyozinduliwa mwaka 2009. Mchongaji Alexa King alimfanya akiwa katikati ya mbio, kwato zote nne zikiwa hewani.